Yule Mrefu Aliyekaa Kimya

Mwezi wa saba hapa Magamba, milimani Usambara, hakuna anayekaa nje baada ya magharibi. Ukungu hutoka msituni, hupita juu ya mashamba ya kabeji na viazi, na ukishafika barabarani taa ya bodaboda huioni mpaka ikukaribie kabisa. Watu hujifungia ndani, moto wa kuni unawaka, viazi vinachemka, redio au televisheni inazungumza peke yake kwenye kona. Ni majira mazuri ya kutazama picha ndefu.

Mjomba wangu ni seremala. Sasa amepita miaka sabini na mikono yake bado ina nguvu, ila macho ndiyo yanamsumbua akichora mistari midogo ya penseli. Ujanani alishuka Tanga, akafanya kazi kwenye karakana ya samani, na kila alipopata mshahara aliingia sinema. Tanga ya siku zile ilikuwa na Majestic, Regal na Novelty, na watu walijua nani anaonyesha nini kama wanavyojua leo ratiba ya mechi. Picha za Kihindi ndizo zilizompendeza zaidi. Hajui Kihindi hata leo. Walioingia naye hawakukijua pia, nao walitoka wakiwa na macho mekundu.

Safari hii nilimpelekea *Anand* kwenye flashi. Ni picha ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee. Nakala yenyewe haikuwa na tafsiri ya sauti wala maandishi chini. Nilitaka kumwomba radhi, akanizuia. "Acha hivyo hivyo," akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tunaziona."

Alipoiona sura ya Rajesh Khanna akatabasamu kama aliyekutana na rafiki aliyepotezana naye bandarini. Picha hii aliiona Tanga, akakumbuka, na alikwenda kwa ajili ya huyo. Miaka ile Rajesh Khanna alikuwa juu ya wote. Tangu *Aradhana* ya mwaka 1969 hakuna mwigizaji wa India aliyependwa kama yeye, na vijana wa Tanga walitengeneza nywele na kushona mashati kwa kumwangalia. Kisha mjomba akanyoosha kidole kwa kijana mrefu aliyesimama pembeni, amevaa kama daktari, amekunja uso. "Na huyu mrefu," akasema, "wakati ule sikumjali kabisa."

Huyo mrefu ni Amitabh Bachchan, na wakati picha hii inatoka alikuwa na umri wa miaka 28.

Nieleze hadithi kwa ufupi, maana ni nyepesi. Daktari Bhaskar anafanya kazi Bombay, anatibu maskini, na amechoka kwa sababu anajua dawa haiponyi njaa. Rafiki yake, daktari mwenzake, anamletea mgonjwa aitwaye Anand, mwenye saratani ya utumbo, ambaye amebakiwa na miezi isiyozidi sita. Anand anajua. Jina la ugonjwa wake analitaja mwenyewe, kwa kicheko, mbele ya madaktari waliokuwa wakitafuta namna ya kumficha. Anahamia nyumbani kwa Bhaskar. Anaongea mchana na usiku, anasalimia watu asiowajua barabarani kwa jina la kubuni kana kwamba ni marafiki wa zamani, anapatanisha wapenzi, anaimba. Mwishoni anakufa. Hiyo ndiyo picha yote.

Watoto wa Tanzania tuna sheria moja ya sinema, tuliipokea kwa kaka zetu nao waliipokea kwa kaka zao: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini hafi. *Anand* inaivunja sheria hiyo mapema kabisa. Unaambiwa tangu mwanzo kwamba stelingi atakufa, halafu unaachwa naye kwa saa mbili umpende. Ni picha ya machozi waziwazi, haijifichi wala haioni haya, na mimi siwaelewi wanaodhani picha ya machozi ni kazi nyepesi. Kumfanya mtu alie si vigumu. Kitunguu kinaweza. Kumfanya alie halafu asijione amedanganywa, hapo panahitaji fundi.

Katika picha hii Rajesh Khanna amepewa kila kitu. Maneno matamu ni yake. Nyimbo kubwa ni zake, zilizotungwa na Salil Chowdhury, na sauti zilizoazimwa kwa ajili yake ni za Mukesh na Manna Dey. Kifo ni chake. Yeye ndiye mwenye kucheka na yeye ndiye anayeliliwa. Bhaskar amepewa nini? Amepewa kukaa kimya, kukasirika kidogo, na kusikiliza.

Kwa mwigizaji kijana ambaye bado hajapata jina, huo ni mtego. Picha yake ya kwanza, *Saat Hindustani* ya mwaka 1969, haikumpa jina. Sasa yuko kando ya mtu anayependwa kuliko wote nchini. Kijana mwingine angejaribu kunyakua: angeinua nyusi wakati mwenzake anaongea, angechezesha mikono, angejitengenezea kikohozi, lolote la kumfanya mtazamaji amgeukie. Bachchan hafanyi hivyo. Anasikiliza kweli. Na kusikiliza, mbele ya kamera, ni kazi ngumu kuliko kusema, kwa sababu anayesema ana maneno ya kushikilia kama mtu anayeshuka mteremko akiwa na fimbo, na anayesikiliza hana fimbo.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu tuliurudia mara tatu usiku ule. Jua linazama. Anand yuko peke yake nyumbani, anaimba ule wimbo wa jioni wa Mukesh. Hapo kicheko chake chote kimekwisha. Ni mara ya kwanza tunamwona bila ngao. Bhaskar amerudi kutoka kazini, amesimama nyuma, amesikia. Hasogei mbele kumkumbatia. Hajifuti jicho ili tujue ameguswa. Anasimama tu, mwili mrefu ule umetulia, na uso wake unakuwa wa mtu aliyeingia chumbani bila hodi akakuta siri. Amejua sasa kwamba yule anayewachekesha wote anaogopa, na amejua pia kwamba hapaswi kumwambia kuwa amejua. Hakuna neno lolote. Mjomba akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Kisha akanyamaza muda mrefu, akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike: "Huyu kijana alikuwa anafanya kazi kubwa. Sisi tulikuwa tunamwangalia mwingine."

Ajabu yake ni kwamba Bachchan dunia inamjua kwa sauti. Sauti ile nzito, inayotoka chini kifuani, ndiyo iliyowafanya wakurugenzi wakubwa wamtafute hata kwa picha ambazo haonekani: Mrinal Sen aliitumia kusimulia *Bhuvan Shome* mwaka 1969, na baadaye Satyajit Ray akamwita kusimulia *Shatranj Ke Khilari*, mwaka 1977. Wanaojua Kihindi hukariri maneno yake ya *Deewaar* na *Sholay*. Lakini sisi tunaokaa milimani Usambara, au Kariakoo, au Ng'ambo ya Unguja, maneno hayo hayakutufikia. Sauti ilitufikia kama ngoma ya mbali. Basi ilitubidi tumjue kwa macho, kwa shingo, kwa namna anavyogeuka. Nimekuja kuamini kwamba watazamaji wa namna yetu, waliokaa kwenye viti vya mbao miaka na miaka wakitazama lugha wasiyoijua, ni waamuzi wazuri sana wa uigizaji. Mwigizaji hawezi kuwadanganya kwa maneno. Akikosa kuishi ndani ya uso wake, wanaona mara moja, wanaanza kuongea habari zao.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu milima hii yenyewe, kwa sababu sinema hapa si mgeni wa jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, upande wa Korogwe wa milima hii hii ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengenezea filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza filamu 35 kwa miaka miwili hiyo, wakiwatumia wenyeji kama waigizaji, wakazungusha filamu hizo Afrika Mashariki kwa lori lenye mashine ya kuonyeshea. Nyingi zilikuwa za mafunzo: malaria, minyoo, mmomonyoko wa udongo, faida ya kuweka akiba posta. Moja, *Gumu*, ilimhusu kijana wa kijijini anayepotelea mjini.

Wakoloni wengi waliokuwa wakitengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika nyakati hizo waliamini kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata picha inayokatwa haraka, kwamba lazima aonyeshwe jambo moja, polepole, bila mizunguko, la sivyo atapotea. Nikimkumbuka mjomba na wenzake ndani ya Majestic, wakifuata picha ya saa mbili na zaidi kwa lugha wasiyoijua, wakijua nani anampenda nani, nani anasema uongo na nani anaumwa moyoni, naona jinsi watu hao walivyokosea. Walikuwa wakijiuliza kama Mwafrika ataelewa picha. Walipaswa kumuuliza ameona nini.

Na si watazamaji tu. Miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, na katika *Muhogo Mchungu* nafasi ya mshamba anayeingia Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mjini ilichukuliwa na kijana mtumishi wa serikali aliyefanya kazi kwenye sinema za maendeleo ya jamii. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi hivi baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Taifa lilimjua kama Simba wa Vita, na wengi waliompigia makofi kwenye mikutano ya hadhara hawakujua kwamba aliwahi kupigiwa makofi kwa kuigiza mtu asiyejua mjini. Mimi hufikiri mara nyingi juu ya jambo hilo. Kuigiza mjinga bila kumdharau ni kipimo kigumu cha mwigizaji, na ni shule nzuri kwa mtu atakayekuja kuongoza wakulima.

Nirudi kwenye picha yetu, maana sehemu nono bado.

Hrishikesh Mukherjee hakuingia sinema kwa mlango wa mbele. Alianza kwenye meza ya kuhariri, akikata na kuunga filamu za wengine, zikiwemo za Bimal Roy. *Anand* aliihariri mwenyewe. Hilo linaonekana. Mkurugenzi asiyejua kuhariri humfuata anayesema: mdomo ukifunguka, kamera iko hapo. Mukherjee anajua kwamba neno halimaliziki kwenye mdomo wa msemaji, linamalizikia kwenye uso wa aliyeambiwa. Kwa hiyo Anand akisema jambo la kuchekesha, mara nyingi tunaona kicheko hakijafika kwa Bhaskar, kimekwama mahali, kwa sababu daktari amesikia kilicho chini ya utani. Hapo mhariri na mwigizaji wanasaidiana kama watu wawili kwenye msumeno mmoja: mmoja akisukuma mwenzake anavuta, wote wawili wakisukuma kwa pamoja ubao unapasuka vibaya.

Mfano huo si wangu, ni wa mjomba. Wakati wa ujana wake miti ya mkulo ilikuwa ikipasuliwa Magamba, na yeye alijifunza kazi akiwa upande mmoja wa msumeno mrefu, baba yake upande wa pili. Kitu kingine alichonifundisha kuhusu mbao ni kwamba mbao mbichi haiungwi. Unaiweka, inakauka miezi, na unapata shida kusubiri kwa sababu mteja anataka kitanda. Ukiunga mbichi, kitanda kitapendeza wiki ya kwanza, kisha viungo vitaachia.

Nililikumbuka hilo tulipofika mwisho wa picha. Anand yuko kitandani, anaondoka. Bhaskar ametoka mbio kutafuta dawa ya mwisho, jambo ambalo yeye kama daktari anajua halitasaidia, lakini ametoka. Anachelewa. Anaporudi, chumba kimejaa watu na rafiki yake amekwisha kufa. Na hapo huyu mtu aliyekaa kimya saa mbili anapasuka. Anamwinamia maiti na kumgombeza. Anamwamuru aseme. Miezi sita umenichosha kwa maneno, anamwambia, sasa sema, ongea na mimi. Hatuhitaji Kihindi kuelewa. Msikilizaji sasa ndiye anayepiga kelele, na msemaji ndiye aliyenyamaza.

Halafu kinasa sauti. Kule nyuma walikuwa wameirekodi kanda kwa mchezo, wakicheka, na sasa kanda inaendelea kuzunguka hakuna anayeikumbuka. Sauti ya Anand inatoka kwenye mashine, inamwita rafiki yake kwa lile jina la utani, Babu Moshai. Bhaskar anainua kichwa.

Ni hilo tu. Anainua kichwa. Lakini angalia: kwa nukta moja, ndogo kuliko pumzi, uso wake unaamini. Daktari anayejua kila kitu kuhusu mwili huo, aliyesoma vipimo vyake vyote, anaamini kwamba ameitwa. Kisha anaelewa ni mashine. Mambo mawili hayo, kuamini na kuelewa, yanapita usoni mwake moja baada ya jingine bila kupandana, na hakuna hata moja alilolisisitiza. Mimi nimeiona mara nyingi na bado hujikuta nimeshika ukingo wa kiti.

Kilio kile kinafanya kazi kwa sababu kilikaushwa. Laiti angelia kidogo kule mwanzoni, akalia tena katikati, hapa tungemwona mtu anayelia mara ya tatu. Bachchan aliweka akiba. Saa mbili alikuwa akipokea kila neno la mwenzake na kuliweka, na deni lote lililipwa hapo kwa mkupuo. Kuna kisa ambacho husimuliwa, kwamba alimwendea rafiki yake Mehmood, mchekeshaji maarufu, akamuuliza ataigizaje kifo hicho, na Mehmood akamwambia asifikirie mhusika, afikirie kwamba Rajesh Khanna mwenyewe amekufa. Ni ushauri wa mtu wa kazi: usitafute huzuni, tafuta jambo lenyewe.

Tuzo za Filmfare zilipotolewa, Rajesh Khanna alipata ya mwigizaji bora, na Bachchan akapata ya mwigizaji msaidizi. Ilikuwa haki kwa wote wawili. Umaarufu wenyewe ulichelewa kidogo: ulimfikia mwaka 1973 na *Zanjeer*, akawa kijana mwenye hasira, anayepiga, anayetetea wanyonge. Huyo ndiye aliyekuja kwenye mabango ya Tanga, huyo ndiye wavulana waliyemwiga kwa mguu uliotangulizwa na mkono kiunoni. Mwaka huo huo Mukherjee akamkutanisha tena na Khanna katika *Namak Haraam*, na safari hiyo mizani ilikuwa imeanza kuinama upande wa mrefu.

Watafsiri wetu wa Kiswahili, wanaotia sauti zao juu ya picha, nawapenda. Derek Mukandala, yule tunayemwita Lufufu, alifungulia watu wengi picha ambazo wasingezifikia, na kazi yake ni sanaa inayostahili makala yake yenyewe. Lakini mtafsiri hawezi kuacha nafasi tupu. Kazi yake ni kujaza. Na *Anand*, upande wa Bhaskar, imejengwa kwa nafasi tupu. Ningekuwa nimempelekea mjomba nakala iliyotafsiriwa, pale jua linapozama sauti ya mtu wa tatu ingetuambia kwamba daktari ameumia moyoni, nasi tungeitikia kwa kichwa, tusimwangalie.

Mjomba alizima televisheni mwenyewe. Viazi vilikuwa vimepoa. Akasema kesho nimtafutie nyingine ya huyo kijana, za zamani, za kabla hajaanza kupigana.

Nawe msomaji, ukiipata *Anand*, itazame mara moja bila tafsiri na bila maandishi. Rajesh Khanna akianza kuongea, mpe heshima yake, kisha ondoa macho kwake na umtazame aliyeko pembeni.